Ng'ombe wa Pembe Tatu

Usiku wa Jumatatu nilikaa jikoni kwangu, hapa Ruiru, simu ikiwa imeegemea kopo la sukari, nikingoja Beth apige. Beth ni binti wa Mwalimu Githae. Ni nesi Eldoret, na wiki hiyo alikuwa zamu ya usiku. Jioni tulikuwa tumeongea, akaniambia, "Mama Leila, nimemwomba jirani yake, Kavindu, aende agonge mlango. Nikipata nafasi ya kutoka wodini nitakupigia."

Saa tatu ikapita. Saa tano ikapita. Binti yangu Leila alitoka chumbani kunywa maji, akanitazama, akasema, "Mathe, si ulale. Huyo ni mwalimu tu, si ndugu yako."

Ni kweli, si ndugu yangu. Lakini hakuwa amefika shuleni tangu Alhamisi, simu yake ilikuwa imezimwa, anaishi peke yake Kalimoni, na mimi nilijua jambo ambalo wengine hawakuliona. Alikuwa ameenda na kikombe chake.

Nieleze hapo, maana mtu asiyefanya kazi shuleni anaweza kuona kikombe ni kikombe tu.

Mimi napika chai ya walimu katika shule moja ya sekondari upande wa Membley, mwaka wa kumi na moja sasa. Chai ni saa nne. Kila mwalimu ana kikombe chake, na kila kikombe kina msumari wake ukutani, juu ya meza ya birika. Hakuna anayekunywa kwa kikombe cha mwenzake. Mwalimu mgeni akikosea siku ya kwanza, stafuruumu nzima, chumba chote cha walimu, hunyamaza kama amevunja dirisha. Na mwalimu anayeondoka hasemi kwanza kwa mdomo. Ukimwona anafunga kikombe kwa gazeti na kukitia mkobani, hata kama hajaandika barua yoyote, ujue harudi. Nimewajua sita kwa njia hiyo kabla Prinsipo hajajua.

Kikombe cha Mwalimu Githae ni cheupe, na juu yake kuna ng'ombe. Ni ng'ombe wa maziwa, mnene, mwenye uso wa mtu aliyeshiba. Lakini ana pembe tatu kichwani. Chini yake imeandikwa: Jumla ya pembe zangu ni nyuzi 180.

Alipokileta mara ya kwanza, miaka mitatu iliyopita, sikukipenda. Mimi nilizaliwa Majengo, Thika, na nyanya yangu alitulea tukiogopa kila kitu kilichozidi idadi yake, hata mapapai yaliyoshikana. Nilikiosha nikisoma Bismillahi, nikakitundika ng'ombe akiwa ameelekea ukuta. Nikafanya hivyo siku tano mfululizo. Siku ya tano Mwalimu akaniita.

"Mama Leila, huyu ng'ombe wangu amekosa nini hata asimamishwe akiangalia ukuta? Hajafanya homuweki?"

Nikamwambia ukweli. "Mwalimu, mimi naogopa hiyo pembe ya tatu."

Mwalimu Ndegwa wa fizikia, ambaye hucheka hata kengele ikilia, alisema ng'ombe wa Kalimoni huzaliwa hivyo kwa sababu ya maji. Wengine wakacheka naye. Githae hakucheka. Alisema, "Kitu ukikiogopa, kihesabu. Nikatie karatasi yenye pembe tatu. Yoyote tu, nzuri au mbaya."

Nilikata pakiti ya unga, nikatoa kipande chenye pembe tatu, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Akasema nirarue zile pembe zote tatu, niziweke mezani ncha zikutane pamoja. Niliziweka. Zikalala moja kando ya nyingine, na upande wa chini ukawa mstari ulionyooka kama ukingo wa meza.

"Kata nyingine," akasema.

Nikakata nyembamba kama mwiba. Mstari ule ule. Nikakata pana kama bawa la kuku. Mstari ule ule. Nilikuwa nimesahau kwamba birika liko motoni, na siku hiyo walimu walikunywa chai nyeusi karibu kama kahawa.

Jioni niliendelea nyumbani. Mimi nakunja sambusa tangu nikiwa na miaka tisa, na mikono yangu imetengeneza pembe tatu zaidi ya nywele za kichwa changu, lakini sikuwahi kuuliza chochote kuhusu umbo lenyewe. Nilichukua sambusa moja, nikaivunja pembe zake, nikazipanga kwenye sinia, nyama ikamwagika. Leila akauliza kama ninatafuta pete. Zilikaa kwenye mstari. Ndipo nikamwelewa yule ng'ombe. Pembe za kichwani na pembe za karatasi ni neno moja, na Mwalimu alikuwa amezifunga pamoja kwa mchezo. Hesabu shuleni husomwa kwa Kiingereza, lakini aliniambia mzaha ule Kiingereza hakiuwezi, na ndiyo sababu aliupenda. Alimchora ng'ombe mwenyewe. Kikombe kilichapishwa na Syombua, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, ambaye ana kibanda cha kuchapisha vikombe na fulana Thika mjini. Cha kwanza kilitoka maandishi yamegeuka nyuma, kwa sababu Syombua alisahau kuipindua picha kabla ya kuichoma. Mwalimu alimwambia akiweke dukani ili kimkumbushe.

Gerishon Githae ana miaka hamsini na minane. Amefundisha hesabu miaka thelathini na miwili. Mke wake alifariki miaka minne iliyopita, na mimi na walimu tulienda mazishi Kalimoni, ndiyo maana napajua kwake. Ana ng'ombe mmoja wa kweli, wa pembe mbili, ambaye humkamua kabla ya kuja kazini. Wanafunzi humwita Guka, yaani babu. Hapigi kelele. Mtoto akisema, "Mwalimu, sijui," yeye humjibu, "Vizuri, tuanzie hapo." Mimi niliacha shule darasa la sita, na tangu siku ya pakiti ya unga, kila nilipommiminia chai alikuwa akiniachia swali moja. Mara ni njia ngapi za kugawa chapati moja kwa watu watatu. Mara ni kwa nini kifuniko cha sufuria, kikiwa cha duara, hakiwezi kutumbukia ndani. Nilikuwa napeleka swali hilo nyumbani kama mtu anayebeba mbegu.

Lakini mwaka huu alibadilika. Mimi ni mtu wa kuangalia. Nimelea watoto peke yangu, na mama wa namna hiyo hujifunza kuona kikohozi kabla hakijatoka. Niliona Mwalimu anapita mlangoni kwangu bila salamu, mpaka mimi nianze, halafu anageuka na kusalimia kwa furaha. Nikasema moyoni, amekuwa na maringo. Niliona akijimiminia chai anaingiza kidole ndani ya kikombe. Nikasema, huo ni uzee. Wanafunzi wakimletea madaftari alikuwa akiwaambia, "Nisomee njia uliyopita, mimi nasikiliza." Nikasema, huo ni ufundi wa kufundisha. Kila jambo nililiona na kila jambo nililipa jina lisilo lake.

Alhamisi hiyo tulikuwa na wageni. Walimu watatu walikuwa wanatoka shule moja ya Thika, wamesikia watoto wetu wanafaulu hesabu, wakataka kumwona anayewafundisha. Jumatano jioni niliosha vikombe vyote kwa majivu mpaka vikang'aa. Wakati wa kuvitundika nikafikiri, kizuri kuliko vyote ni cha ng'ombe, na kinakaa kule mwisho dirishani ambako mgeni hatatupa jicho. Nikakitoa msumari wa mwisho, nikakiweka katikati, ng'ombe akiwa anaangalia mlango. Pale mwisho nikaweka cha Madam Idah wa Kiswahili, chenye maua mekundu na tarehe ya harusi yake. Vikombe hivi vya kuchapishwa vyote ni ukubwa mmoja, mshikio mmoja, uzito mmoja. Niliangalia kazi yangu nikafurahi.

Saa nne walimu waliingia na wageni. Mwalimu Githae alienda moja kwa moja dirishani, akanyoosha mkono, akachukua kikombe cha mwisho. Madam Idah alifungua mdomo, lakini wageni walikuwa wanamwangalia, akaufunga. Nikamimina chai. Nilifikiri anafanya utani.

Mmoja wa wageni, mama mfupi mwenye miwani, alisema, "Mwalimu, tuambie siri yako. Sisi watoto wetu wanaogopa hesabu kama sindano."

Mwalimu akatabasamu. Alikuwa na namna yake ya kujibu swali hilo, ambayo sote tuliijua. Aliinua kikombe juu, akakigeuza mbele yao, akauliza, "Kwanza niambieni. Ng'ombe huyu ana pembe ngapi?"

Wageni waliangalia maua mekundu. Wakaangalia tarehe ya harusi.

"Msiogope," akasema. "Hesabuni tu."

Ndegwa akacheka, akidhani ni mzaha mpya. Yule mama mwenye miwani akatabasamu nusu, akamwangalia Prinsipo. Prinsipo akaangalia dirishani. Hapo ndipo Mwalimu alipoinamisha kichwa, akasogeza kikombe karibu na uso, karibu kabisa, kama mtu anayenusa. Akakaa hivyo kwa muda. Halafu akakiweka mezani polepole, akitafuta ukingo wa meza kwa kidole.

"Samahani, Madam," akasema. Hakuangalia upande aliokuwa Madam Idah.

Walipokwenda madarasani alikuja jikoni kwangu. "Mama Leila, ng'ombe wangu yuko wapi leo?"

Nilimtia kikombe chake mkononi. Akakipapasa mshikio, akaomba gazeti, akakifunga. "Chai ilikuwa nzuri," akaniambia. Kabla ya saa sita alikuwa ameondoka. Sikusema kitu. Si siku hiyo, si Ijumaa, si Jumatatu. Wote walidhani alikosea yeye mwenyewe, na mimi niliwaacha wadhani hivyo.

Basi usiku huo wa Jumatatu, simu ikiwa imenyamaza kwenye kopo la sukari, mikono yangu haikuweza kutulia. Nilichukua mkasi na pakiti ya unga. Nikakata ya pembe tatu, nikairarua, mstari ukatoka kama kawaida. Halafu nikajiuliza, na ikiwa nne? Hilo hakuwahi kuniuliza. Nikakata ya pembe nne, mbaya, imepinda upande. Nikairarua na kukutanisha ncha. Zilizunguka duara nzima na kufunga, bila kuacha nafasi ya kupitisha sindano. Nikaona raha ambayo sikustahili kuwa nayo usiku ule.

Nikakata ya pembe tano. Hapo mambo yakaharibika. Vipande vitatu vya kwanza vilikaa vizuri, cha nne kikakosa nafasi, cha tano kikapanda juu ya wenzake. Nikasema nimerarua vibaya. Nikakata nyingine ya pembe tano, ya umbo tofauti kabisa. Ikapandana vile vile. Nikakata na ya tatu ya namna hiyo. Nilipima pale palipopandana kwa kiganja, nikaona ni nusu ya duara, kila mara. Nilikuwa nimeinama juu ya karatasi hizo nikizisema kwa sauti simu ilipolia. Saa kumi na nusu alfajiri.

"Yuko hai, Mama," Beth alisema kwanza, na nikamshukuru kwa kuanza na hilo. "Kavindu aligonga. Alijibu akiwa ndani, 'Niko sawa, nenda nyumbani.' Hakufungua. Ng'ombe amekamuliwa, maziwa ameyaacha kwenye ngazi."

"Ni macho, Beth?"

"Uliona?"

"Niliona. Sikuelewa."

"Ni presha ya macho. Inamla kutoka pembeni, mwaka wa pili huu. Alipewa dawa ya matone, akaacha kwenda kuchukua. Anasema wakimpima wataandika, na wakiandika watamtoa darasani kabla ya wakati wake. Kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa. Nimempatia nafasi kliniki, Thika, Alhamisi. Mimi nafika Jumatano usiku. Lakini namjua baba. Mama alipozikwa alijifungia siku tisa, na hakunifungulia mimi. Akifunga mpaka Alhamisi ipite, nafasi nyingine ni mwezi ujao, na sijui huo mwezi utachukua nini."

Asubuhi ya Jumanne, saa nne, Prinsipo alitangaza kwamba kama Mwalimu Githae hatatoa habari kufikia kesho, itabidi barua iandikwe, kwa sababu Fom Foo, kidato cha mwisho, wanafanya mtihani baada ya wiki sita na hawana mwalimu. Nilikuwa nimeshika birika. Kwa miaka kumi na moja sijawahi kuongea kwenye stafuruumu ila kuuliza nani hatumii sukari.

"Ni mimi niliyehamisha kikombe," nikasema.

Wakageuka wote. Nikawaambia habari za msumari, na wageni, na macho yake, na kwamba mtu asiyeona vizuri huhesabu misumari. Nilipomaliza, chai ilikuwa inamwagika kwenye kiatu changu.

Ndegwa ndiye aliyeongea kwanza. "Nami nilicheka," akasema. Hakucheka wakati huo. Baadaye akaongeza, "Ukimpata, mwambie Fom Foo nawafundisha mimi. Ataamka hata kama amekufa."

"Ndegwa, shika adabu," Madam Idah alisema. Akainuka, akatoa kikombe chake cha maua kwenye msumari wa mwisho, akakiweka juu ya friji. "Mwambie mimi nimehama. Pale mwisho ni pake."

Prinsipo alinigeukia. "Nenda, Mama Leila," akasema. "Vyombo vitaoshwa na wenyewe."

Nilifika Kalimoni saa saba na thermosi ya chai, sambusa sita, na pakiti ya unga yenye karatasi zangu. Kavindu alikuwa anapalilia mahindi upande wa pili wa ua. Alininyooshea jembe kuelekea nyumba. "Gonga tu," akasema. "Mimi ameshanifukuza mara mbili kwa heshima."

Mlango wa Mwalimu ni wa chuma, rangi ya kijani, na chini yake kuna nafasi ya vidole viwili. Niligonga.

"Hodi, Mwalimu. Ni Mama Leila."

"Karibu, lakini niko sawa," sauti ikajibu, karibu na mlango, kama alikuwa amekaa pale pale. "Rudi kazini. Nani anapika chai?"

"Leo wanajioshea vyombo."

"Basi shule imeharibika."

Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kumsihi, ya Beth, ya kliniki, ya watoto. Pale mlangoni niliyaona yote ni maneno ambayo amekwisha kujibu mwenyewe siku tano. Nikakaa kwenye ngazi, nikaweka thermosi kando.

"Mwalimu, nina swali. Si lako. Nimejiuliza mwenyewe."

Nikaendelea.

"Nilikata karatasi ya pembe nne, nikairarua. Zikazunguka zikafunga. Nikakata ya pembe tano, zikapandana. Nimekata tatu za namna hiyo na zote zimepandana. Mimi nadhani nakosea mahali."

Nilisikia kuku wa Kavindu. Nilisikia mtu anavuta pumzi upande wa pili wa chuma.

"Zilipandana kiasi gani?"

"Kama nusu ya duara."

"Zote tatu?"

"Zote. Na maumbo hayafanani."

"Basi hukukosea." Sauti yake ilikuwa imesogea. "Sasa, usikimbie. Pembe tatu zilikupa nini?"

"Mstari. Nusu ya duara."

"Nne?"

"Duara nzima. Nusu mbili."

"Tano?"

Nilifikiri. "Duara moja na nusu yake. Nusu tatu."

"Usikate ya pembe sita. Niambie tu."

Niliangalia mikono yangu. Niliona vipande vikizunguka, vinafunga, vinapanda juu na kuanza kuzunguka tena. "Nusu nne," nikasema. "Zitazunguka mara mbili na kufunga."

Niliogopa nimekosea.

"Nani alikufundisha hiyo?" akauliza.

"Hakuna. Nilikuwa nangoja simu ya Beth." Halafu, kwa kuwa mdomo ulikuwa tayari wazi, nikasema lililobaki. "Mwalimu, kikombe chako nilikihamisha mimi. Nilitaka wageni wamwone ng'ombe. Sikujua unahesabu misumari."

"Nilidhani nimekosa kuhesabu," akasema polepole. "Siku zote hizi nimekuwa nikijiuliza kama hata hesabu imeniacha."

"Ulihesabu sawa. Ni mimi niliyebadilisha jibu."

Kitu kama kicheko kilimtoka, kidogo, kikakatika. "Na wao? Wanasema nini?"

Ningeweza kumdanganya. "Wanajua. Nimewaambia leo asubuhi. Madam Idah amehama, amesema msumari wa mwisho ni wako. Ndegwa anajuta kucheka. Na anawafundisha Fom Foo."

"Ndegwa?"

"Anasema anawapeleka kwa njia ya fizikia."

"Ngai," Mwalimu alimwita Mungu, kimya kimya, kama mtu aliyesikia ng'ombe wake ameingia shamba la jirani.

"Kliniki ni Alhamisi, Thika," nikasema. "Beth anafika kesho usiku. Wataandika, ndiyo. Lakini wale uliokuwa ukiwaficha tayari wanajua, sasa unamficha nani?"

Upepo ulipita kwenye mahindi. Kavindu alikuwa ameacha kupalilia na alikuwa amesimama na jembe begani bila kujificha.

"Hizo karatasi unazo hapo?" Mwalimu akauliza mwishowe.

"Ziko kwa mfuko."

"Zile za tano. Nipitishie hapo chini."

Nilipiga magoti nikapitisha vipande chini ya mlango, kimoja kimoja, vitano. Niliona ncha za vidole vyake zikivipokea. Halafu nikamsikia akivipanga kwenye saruji, karatasi ikikwaruza, akisukuma hiki, akirudisha kile, akipapasa ncha. Alichukua muda wake. Nilikaa pale nikiwa nimeshika thermosi kwa mikono miwili, kama mwanafunzi anayengoja daftari lirudi.

"Hiki kimoja ulikirarua vibaya," akasema. "Kimepungua."

"Samahani."

"Lakini nusu ipo. Naisikia hapa." Halafu akasema, "Umesema ulikuja na chai?"

"Na sambusa."

Nilimsikia akiinuka. Hatua zikaenda mbali na mlango, ndani kabisa ya nyumba. Gazeti likachanika mahali. Hatua zikarudi, polepole, mkono ukipita ukutani. Komeo lilikuwa limeshika kutu, likagoma mara ya kwanza, akalipiga kwa kiganja, likaachia. Mlango ukafunguka kidogo kwa ndani, na kabla sijauona uso wake niliona mkono, na kwenye mkono kikombe, na ng'ombe ananiangalia kwa pembe zake zote tatu.

"Mimina," akasema, "halafu uingie."